Vigango Vyetu na Sura Yetu Ugenini

Kenya yajulikana ugenini kwa wanariadha wake, chai yake na wanyama wake wa porini. Ipo sura yetu nyingine, iliyochongwa kwa mti, ambayo ilifika Marekani pasipo idhini ya wenyewe. Nakusudia vigango vya Wamijikenda.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, yenye nakshi za pembetatu, ambayo Wagiriama humsimikia mzee wa chama cha Gohu aliyefariki. Si pambo hata kidogo. Ni mzee mwenyewe. Ana jina, ana wana na wajukuu, na kikishasimikwa hakiondolewi hata mji ukihama. Hata hivyo, katika miongo ya mwisho ya karne iliyopita, viling'olewa kwa mamia, vikauzwa kwa wachuuzi wa vitu vya kale, vikaishia katika majumba ya makumbusho na sebule za matajiri. Baadhi ya wang'oaji, tuseme kweli, walikuwa vijana wetu wenyewe.

Huko ng'ambo vikaitwa sanaa ya Kiafrika, basi. Mtazamaji akatuona kuwa mafundi hodari wa kuchonga, asijue kwamba anamtazama babu wa watu.

Mwaka 2007 viwili vilirudi kwa ukoo wake. Vilitambuliwa kwa sababu mtafiti mmoja, Monica Udvardy, alikuwa amempiga picha mwenye mji akiwa kando yavyo mwaka 1985, kabla havijaibwa. Baadaye makumbusho ya Denver yakarejesha 30 mwaka 2019, na ya Illinois 37 mwaka 2023. Vile vya Denver vilipotua Nairobi, forodha yetu ilidai ushuru! Wageni wamekwisha kukiri kwamba hawa ni wazee wa watu, nasi twawatoza kodi kama shehena ya bidhaa.

Lakini shida kubwa zaidi ni kwamba vingi kati ya vilivyorejea havijulikani vilitoka mji gani. Hakuna aliyevipiga picha, wala aliyeandika majina. Je, mwalimu wa Ganze au Kaloleni atashindwa kuwatuma wanafunzi wake, likizo hii, wawaulize wazee ni vigango vya nani vilivyobaki, na vya nani vilivyotoweka? Daftari moja na kalamu vyatosha kwa kazi hiyo, nao wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua.