Tusichome Chakula cha Udongo

Ndugu vijana, kila mwisho wa kiangazi wengi katika Katanga huchoma mashamba na kusema wameyasafisha. Sisi twasema wameyafukarisha. Majani makavu na magogo yaliyoanguka ni makao na chakula cha minyoo, kuvu na mchwa. Wapo mchwa wanaoyatafuna na kuyapeleka kichuguuni, wakaoteshea humo kuvu yao. Mvua zianzapo, twachuma hapo uyoga. Kinachooza hurudi udongoni kikiwa rutuba. Kinachoungua huacha majivu yanayofaa msimu mmoja au miwili, na naitrojeni yake nyingi hupotea pamoja na moshi. Basi tuanzie bustani za vikundi vyetu: tufunike udongo kwa majani, wala tusiwashe moto, ili uwalishe pia watakaotufuata.