Theluji Katika Kazi ya Mwanachuo

Katika zoezi la sanaa la muhula uliopita, mwanachuo mmoja wa mwaka wa pili alituomba ruhusa ya kuleta, badala ya picha ya rangi za maji, mandhari aliyoiunda kwa kompyuta. Ilikuwa mandhari ya mchezo, ambamo mchezaji hupanda mteremko wenye theluji mpaka kwenye kibanda cha mawe. Alitumia Blender, programu itolewayo bure. Tulimkubalia. Lakini tulipoitazama kazi yake tulikuta theluji ina rangi ya samawati vivulini, na rangi ya waridi palipopigwa na jua. Tukaandika kwa wino mwekundu kwamba theluji ni nyeupe, tukampa alama arobaini kwa mia.

Tulikosa, na kosa hilo latupasa kulieleza, kwa kuwa wengi wenu mtalitenda mtakaposimama mbele ya watoto wa darasa la nne wenye kalamu za rangi.

Theluji ni chembe za barafu zipitishazo nuru kama kioo. Zikilundikana huutawanya mwanga kila upande, na theluji mpya hurudisha sehemu nane hadi tisa katika kila kumi za mwanga uiangukiao. Kwa hiyo huchukua rangi ya kile kinachoimulika. Penye jua changa huona haya. Kivulini, ambako jua halifiki, humulikwa na anga peke yake, nayo anga ni samawati. Claude Monet wa Ufaransa alivipaka samawati vivuli vya ua katika picha yake La Pie, aliyoichora majira ya baridi ya 1868 na 1869. Waamuzi wa maonyesho makuu ya Paris wakaikataa mwaka 1869, kama tulivyofanya sisi.

Mwanachuo wetu hakuwa amesikia habari za Monet. Alizaliwa Moshi. Tulipomwita alijibu kwa adabu: “Mwalimu, kwetu alfajiri Kibo huwa na rangi ya waridi.” Baadaye tulipokwenda huko kukagua mazoezi ya kufundisha, tuliamka mapema tukajionea wenyewe. (Barafu ya Kilimanjaro, iliyokuwa na eneo la kilomita za mraba zaidi ya 11 mwaka 1912, ilikuwa imepungua hadi chini ya 2 mwaka 2011. Anayetaka kuitazama asikawie.)

Hata hivyo, lililotufundisha zaidi ni utaratibu wake wa kazi. Hakuanza na theluji. Alianza na maumbo makubwa ya kijivu: mlima, kibanda, njia. Kisha akaweka jua mahali pake. Theluji ilikuja mwisho, naye aliiamuru programu iiweke pale tu uso wa jiwe unapoelekea juu, na kuta zilizosimama wima ziachwe wazi. Huko ndiko kuelewa jambo, wala si kunakili kadi ya Krismasi, ambamo theluji hupakwa kila mahali kama chokaa.

Darasani somo hilo halihitaji kompyuta. Panga mawe na vijiti juu ya meza, uwaambie watoto wapepete unga wa sembe kutoka juu kwa chekecheke, kisha wachore walichokiona: unga umekaa wapi, umepakataa wapi. Mwenye kuuonea unga uchungu atumie majivu meupe. Baadaye itoeni meza nje, juani, mtazame kivuli cha jiwe juu ya weupe ule kabla mtoto yeyote hajashika kalamu.

Wako wakufunzi wenzetu wasemao kwamba mtoto wa Lindi hana haja na theluji. Huenda. Lakini ana chumvi na mchanga mweupe wa pwani, navyo hupokea rangi ya jua na ya anga vilevile.

Alama za mwanachuo yule tulizisahihisha mbele ya darasa zima, zikawa sabini na mbili. Zilizosalia hakuzipata, kwa sababu kivuli cha kibanda chake kilielekea upande uleule lilikokuwa jua.