Fundi Hakukuibia

Miongoni mwa dhana zilizostawi hapa Katubuka, na Mwanga, na Ujiji, na kila penye baraza ambapo cherehani hulia tangu asubuhi hadi magharibi, hapana iliyoshikiliwa kwa ukaidi kama hii: kwamba nguo njema hairudi, na kwamba ikirudi baada ya kufuliwa, basi ama mwenye duka ametoa kitambaa cha ghashi, ama fundi amekata kipande akakificha chini ya meza yake. Neno hili hupokewa bila ithibati, na kwa kukaririwa tu limepata heshima ya hukumu ya kadhi. Mimi nalipinga, na sehemu yake ya pili naipinga zaidi, maana ya kwanza huharibu jina la bidhaa, ilhali ya pili huharibu jina la mtu.

Litazame shtaka lenyewe. Gauni lilijaribiwa mbele ya kioo siku ya kuchukuliwa, likakaa sawasawa mwilini, mwenyewe akalipa na kushukuru. Lilipokwisha kufuliwa mara mbili tatu pindo likapanda, kifua kikabana, na hapo ndipo jina la fundi lilipoanza kutajwa kwa ubaya. Ni mwizi wa namna gani huyo awezaye kukata kitambaa kilichokwisha kushonwa, kilichofungiwa kabatini, katika nyumba ambayo hata mlango wake haujui?

Kitambaa cha pamba hutoka kiwandani kikiwa kimeshurutishwa. Nyuzi za mtande zilivutwa zikakazwa katika kitanda cha mfumi wakati mshindio ulipokuwa ukipitishwa baina yake. Kisha kikavutwa tena katika kupaushwa, katika kupigwa chapa na kutiwa rangi, katika kutiwa wanga na kukaushwa, na kila hatua ikakiongezea urefu usiokuwa wake. Kinapoingia majini uzi wa pamba hunywa ukanenepa, unene wake ukizidi kwa takriban sehemu moja katika tano, na urefu wake usizidi ila kwa kiasi hafifu mno. Na maadamu kila uzi sasa una mwenzi mnene zaidi wa kumzunguka, hauna budi kuivuta ncha ya kitambaa ije ndani. Mvuvi wa Kibirizi hahitaji kuhubiriwa haya, kwani kamba yake ya katani ikilowa hunenepa ikafupika, na hajapata kumshtaki aliyeisokota. Vitambaa vingi vya pamba hupungua baina ya asilimia 3 na 5, aghalabu kwa urefu kuliko kwa upana. Kipande cha yadi 6 kikipungua asilimia 5 kimepoteza karibu inchi 11, na inchi hizo hazimo chini ya meza ya mtu yeyote.

Ama hiyo hoja ya kwamba kitambaa halisi hakirudi, ukweli u karibu na kinyume chake. Kitambaa kisichojali maji aghalabu ni cha poliesta, ambacho hakinywi maji na kilikwisha kutulizwa kwa moto kiwandani. Pamba tupu ndiyo yenye tabia ya kurudi. Mmarekani Sanford Cluett, ambaye kampuni ya ukoo wake iliuza kola na mashati kwa watu waliojali unadhifu, alibuni karibu na mwaka 1930 mashine ya kukibana kitambaa kwa unyevu na mkanda mzito ili kipungue kabla hakijauzwa. Wala hangejisumbua kiasi hicho kama nguo njema hazikuwa na kasoro hiyo. Na sisi wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika tungalipaswa kuwa wa mwisho kudanganywa na kitambaa kipya, kwa kuwa wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Ujiji mwaka 1858 walikuta mji ambao nguo, merikani na kaniki, ilikuwa miongoni mwa fedha zake.

Lakini dhuluma kubwa kabisa humfika fundi wa mfarishi. Mteja ana kitanda cha futi 5 kwa 6, ataka mfarishi wa futi 5 kwa 6, na akimwona fundi anakata kipande kikubwa zaidi hukunja uso kana kwamba ameona mali ikipotea. Fundi mwenye woga humtii, naye ndiye atakayetukanwa. Kwani tabaka la juu, pamba ya kati na bitana vinaposhonwa pamoja, kitambaa hulazimika kupanda na kushuka juu ya ule unene, na kila mstari wa mshono hukula kidogo. Mishono ikikaribiana, na pamba ikiwa nene, hasara huzidi. Kisha yaja maji, nayo huirudisha pamba ya kati pamoja na vitambaa, kila kimoja kwa kadiri yake, na katika futi 6 asilimia 5 peke yake ni zaidi ya inchi 3 na nusu. Makunyanzi yaonekanayo hapo hayatokani na ulegevu wa mkono. Fundi mwenye akili huloweka vitambaa kwanza, hukata kwa ziada, hushona matabaka, na baada ya hayo yote ndipo hupima na kupunguza kingo.

Sikatai kwamba wapo mafundi wenye hiana. Basi wapimwe kwa insafu: kabla ya kutoa kitambaa, kata pembeni kipande kidogo, kichore mraba wa inchi 10 kwa uzi, kifue, kikaushe, ukipime tena. Kama mraba umepungua, umekwisha kumjua mshtakiwa wako.

Ila lipo jambo ambalo wateja hatupendi kuambiwa. Fundi hapewi nafasi ya kuloweka. Kitambaa hupelekwa siku tatu kabla ya Idi, jamvi limejaa vya watu wengine, na fundi akisema kipitishwe majini kwanza huambiwa anatafuta kisingizio cha kuchelewa, au anataka nyongeza ya ujira kwa kazi ya ndoo na sabuni. Nyongeza hiyo ni haki yake. Alipwe, na siku ya kuloweka na kukausha ihesabiwe katika muda wa kazi; na asiyetaka kulipa achukue kitambaa chake akakifue mwenyewe nyumbani kabla ya kukileta.