Bunduki Haiuzwi kwa Siri



Mtu akiuza mbuzi hapa kwetu, iwe milimani Umatengo au ufukweni Mbamba Bay na Liuli, halazimiki kuuliza habari za maisha ya mnunuzi. Hupokea fedha, hufungua kamba, yamekwisha. Wapo wanaodhani kwamba bunduki, au gobore lililoachwa na marehemu baba, nalo laweza kuuzwa vivyo hivyo kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wanafahamiana. Biashara ya namna hiyo ni kosa mbele ya sheria, na ni dhambi dhidi ya jirani.

Sisi tunaopakana na Msumbiji tuna sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi hiyo vilianza mwaka 1977 vikaisha kwa mapatano yaliyotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Sant'Egidio. Askari walirudi makwao, lakini silaha nyingi zilibaki mafichoni. Silaha haizeeki upesi kama chuki iliyoileta, na aliyeificha akipungukiwa fedha hutafuta mnunuzi.

Wenzetu wa Marekani wamebishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Sheria yao ya mwaka 1993 iliwataka wafanyabiashara wenye leseni wahakikishe kwanza kwamba mnunuzi hana hatia inayomzuia, lakini haikumbana mtu binafsi anayeuza bunduki yake, hata katika maonyesho ya silaha. Mwezi Aprili 1999, huko Colorado, wanafunzi wawili wa shule ya Columbine waliwaua wenzao na mwalimu wao. Bunduki tatu kati ya nne walizotumia zilikuwa zimenunuliwa na rafiki yao kwa wauzaji binafsi katika maonyesho ya namna hiyo. Mwezi Novemba 2000 wananchi wa Colorado walipiga kura kuuziba mwanya huo. Wauzaji wale hawakumwua mtu. Walishindwa tu kuuliza.

Kwetu Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 hairuhusu silaha ipite kwa mtu asiye na kibali. Najua mtakayosema. Nguruwe pori na nyani huharibu mashamba, kituo cha polisi ki mbali, na kibali huchelewa. Ni kweli. Basi na tudai huduma hiyo itukaribie. Tusiigeuze shida kuwa ruhusa. Wengine husema, "Mali ni yangu." Kanisa linafundisha kwamba mali ya mtu ina wajibu kwa manufaa ya wote, na hakuna mali inayodai wajibu huo kuliko ile iliyoundwa kwa ajili ya kuua.

Tunao mfano wa karibu. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa la Anglikana, lilianza kupokea silaha kwa wananchi na kuwapa badala yake baiskeli, cherehani na majembe. Silaha zile zilikatwakatwa zisitumike tena. Nasi, hapa Tanzania, tulipewa na Serikali muda wa msamaha mwezi Septemba na Oktoba 2022 kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari.

Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, ninawaomba mambo mawili. Familia ikikaa kugawa mirathi na bunduki ikiwamo, isigawanywe wala kuuzwa, bali taarifa ipelekwe polisi kwanza. Na mkisikia kwamba silaha inatafutiwa mnunuzi, mwendeeni mwenyewe kwa upole kabla mnunuzi hajafika, na mjitolee kumsindikiza kituoni. Safari hiyo ni ndefu, lakini ni fupi kuliko ile ya kumsindikiza jirani makaburini.