Kalamu ya Simu Ndogo

Mjini Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, simu ndogo za vibonyezo, ziitwazo vitochi, zingali zikitumika. Baadhi yake zaweza kupeleka baruapepe, lakini kuandika kwazo ni kazi ya jasho. Neno «Babati» lina herufi 6, nalo hudai mibonyezo 10. Tena herufi 4 za mwanzo zote zimo katika kibonyezo cha 2, hivyo mwandishi hana budi kungoja kidogo kabla ya kila herufi inayofuata. Kijana aombaye kazi akigundua kwamba aya ya pili ingefaa kuwa ya kwanza, mara nyingi dawa ni moja tu: kufuta na kuanza upya. Wengi huchoka, wakaipeleka barua na makosa yake. Mwajiri huyaona makosa, uchovu hauoni.

Wapo wasemao kwamba yafaa kununua simu mpya. Hoja hiyo haitoshi. Kukata na kubandika maneno kulibuniwa katika miaka ya 1970 na Larry Tesler na Tim Mott katika maabara ya Xerox huko California, kwa kompyuta zenye kumbukumbu ndogo mno kwa kipimo cha leo. Nayo iPhone ilipotoka mwaka 2007 haikuwa na uwezo huo. Iliupata mwaka 2009, kwa kubadilishiwa programu tu. Ni kweli kwamba si kila kitochi hukubali kuongezewa programu. Lakini kwa zile zinazokubali, upungufu si wa kifaa; ni wa fikra za mtengenezaji.

Kusahihisha tahajia ya Kiswahili ni fumbo gumu zaidi. Programu nyingi huhifadhi orodha ya maneno. Chukua shina «fundisha», viambishi 6 vya nafsi (ni, u, a, tu, m, wa), 4 vya wakati (na, li, ta, me) na 5 vya mtendwa (ni, ku, m, tu, wa). Ukizidisha wapata maumbo 120, ingawa machache, kama «ninanifundisha», hayatumiki. Orodha ya namna hiyo kwa kila kitenzi ingeijaza simu ndogo. Kumbe vipande vyenyewe ni 16 tu! Programu ihifadhiyo vipande na kanuni za kuviunga yaweza kuenea mahali padogo.

Kazi hiyo haitafanywa na mgeni asiyezijua ngeli. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Njia, basi, imekwisha kufyekwa. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa hisabati wakikaa meza moja na wanafunzi wao, hata katika shule ya Babati, waweza kuanza na kitenzi kimoja. Sayansi isiyomfaa mwenye simu ndogo bado haijamaliza kazi yake.