Gari Lisiachwe Likiunguruma Peke Yake

Baridi ikishaingia Minnesota, polisi wa Minneapolis na wa Saint Paul hutoa onyo lilelile la kila mwaka: usiwashe gari ukaliacha nje na ufunguo ndani, ukarudi kumalizia chai. Onyo hilo linatuhusu sana sisi watu wa Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, tulioko huku. Wengi wetu tunaingia zamu ya alfajiri, kwenye nyumba za kutunzia wazee, maghalani, hospitalini. Saa kumi na moja kioo cha mbele kimeganda barafu, usukani haushikiki, na mtoto lazima afikishwe kwa mlezi kwanza. Mama anawasha gari, anarudi ndani kumvalisha mtoto makoti na buti. Huko nje moshi mweupe unatoka nyuma ya gari, unaonekana tangu mwisho wa mtaa, na kijana anayezunguka kutafuta cha kuiba hana haja ya kubahatisha. Moshi umeshamwonyesha gari lenye ufunguo.

Miji yote miwili ina sheria ndogo zinazokataza kuacha ufunguo ndani ya gari lisilo na mtu, kwa hiyo unaweza kuibiwa na bado ukawa na kosa. Anayeweza afungiwe kifaa cha kuwasha gari kwa rimoti. Ufunguo unabaki mfukoni, milango inabaki imefungwa, na gari halitaondoka bila huo ufunguo. Asiyeweza akae ndani ya gari linapopata moto, au amwombe jirani alitazame. Hatuoni njia nyingine.

Haraka hii yote inaletwa na baridi ambayo hatukulelewa nayo. Newala ina baridi yake ya Juni na Julai, ukungu ukipanda kutoka bondeni mpaka ukingoni mwa uwanda, lakini ile sweta inaitosha. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis ilifika nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na siku hiyo hata posta ya Marekani haikusambaza barua Minnesota. Betri ya kawaida ya gari hupoteza kama theluthi ya nguvu zake maji yanapoanza kuganda, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri huwa imepoteza zaidi ya nusu. Wakati huohuo oili imekuwa nzito kama asali, na injini inadai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Ndiyo maana betri iliyokuwa ikijikongoja Oktoba, Januari inagoma kabisa. Maduka mengi ya vipuri hupima betri bure. Kapimeni kabla ya Novemba kwisha, na tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu.

Kule kwetu, kuanzia Lukuledi mpaka Kitangari, gari likigoma huitwa watu kabla ya fundi. Vijana wanasukuma, dereva anaweka gia ya pili, anaachia klachi, gari linawaka na safari inaendelea. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, na magari yetu huku karibu yote ni otomatiki. Kinachotakiwa ni waya za kubusti na mtu mwenye gari zima. Mpangilio wake ni huu: waya mwekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima, waya mweusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kabisa ibanwe kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri yenyewe. Cheche hutokea pale unapobana ncha ya mwisho, na betri hutoa gesi inayoweza kulipuka. Acha gari zima liungurume dakika kadhaa, halafu jaribu. Ikiwa betri imeganda au imevimba, usiibusti hata kidogo.

Gari lililogoma likiachwa barabarani, shida huzaa shida. Kioo kinavunjwa kwa ajili ya begi lililosahaulika kitini. Au theluji inaanguka, jiji linatangaza dharura ya theluji, magari yaliyoegeshwa upande usioruhusiwa yanakokotwa kwenda yadi ya jiji, na mwenye gari asubuhi anapiga yowe kwamba ameibiwa. Kabla ya kupiga yowe, ulizeni yadi kwanza. Na hata gari lililoibwa kweli, likipatikana limetelekezwa, mara nyingi hupelekwa hukohuko.

Wizi wa masega, yaani kisafisha moshi cha kwenye ekzosi (catalytic converter), unatuumiza zaidi, hasa wenye Toyota Prius, gari linalopendwa na wenzetu wanaobeba abiria na vyakula. Ndani ya masega mna platinamu, paladiamu na rodiamu, na mwaka 2021 aunsi moja ya rodiamu ilipita dola 20,000. Mwizi analala chini ya gari na msumeno, baada ya dakika chache amekwisha ondoka. Wewe unalijua jambo pale unapowasha gari na mlio wake ukaamsha mtaa mzima.

Waliokaa Dar es Salaam wanakumbuka jinsi wenye magari wanavyochonga namba za usajili kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa, maana kioo kikichomolewa usiku huenda ukakikuta Gerezani kinauzwa. Minnesota nayo imefika hapohapo. Tangu tarehe 1 Agosti 2023, sheria ya jimbo inamkataza mnunuzi wa vyuma chakavu kununua masega yaliyong'olewa kama hayana alama ya namba ya gari yalikotoka. Sheria hiyo imemkamata anayestahili kukamatwa, yaani mnunuzi. Sisi wa mikoa ya korosho hatuhitaji kufundishwa hili. Anayeiba korosho shambani usiku asingehangaika kama asingejua kuna mtu wa kangomba anayemsubiri, anayenunua bila kuuliza zimetoka kwa nani. Mwaka 2018, serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wenye mizigo walihakikiwa kwa kuulizwa mashamba yao.

Basi tuambiane ukweli. Wapo kati yetu wanaonunua matairi ya theluji, redio za gari na betri kutoka kwa kijana asiye na duka wala risiti, kwa bei ambayo kila mtu anajua haiwezekani. Hiyo ni kangomba. Tairi hilo limetoka kwenye gari la mtu, na pengine mtu huyo ni muuguzi aliyeamka saa kumi kama wewe.

Wenye Kia na Hyundai za 2011 hadi 2021 zinazowashwa kwa kuzungusha ufunguo, angalieni kama gari lenu lina kizuizi cha injini. Magari mengi ya namna hiyo yaliuzwa Marekani bila kizuizi, na video za 2021 na 2022 zikawafundisha vijana kuyawasha kwa waya wa USB. Kanada ilikuwa imekilazimisha kizuizi hicho tangu 2007. Tangu Februari 2023 kampuni hizo zimekuwa zikiweka programu mpya bure kwa magari yanayohusika. Nendeni kwa wakala. Na kufuli la usukani halina bei kubwa.

Jambo la mwisho ni ukimya. Watu wanaibiwa halafu wanamezea, wengine kwa kuona aibu, wengine kwa hofu ya makaratasi. Minneapolis ina sheria ndogo tangu 2003 ya kutenganisha kazi ya polisi wa jiji na mambo ya uhamiaji: polisi wa jiji hawapaswi kumuuliza mtu aliyekuja kuripoti wizi hali yake ya uhamiaji. Bila ripoti bima haikusikilizi. Na mwenye bima ndogo ajue mapema kwamba gari likiibiwa halipwi kitu. Ni bima kubwa inayolipa wizi. Someni mikataba yenu sasa, gari likiwa bado liko mlangoni.

Msiba ukitokea, jumuiya hii haijawahi kushindwa. Simu zinapigwa usiku huohuo, michango inaingia, chakula kinapikwa. Tunaomba moyo huo uende mpaka kwenye maegesho. Kila jengo wanakokaa watu wetu lipate mtu mmoja mwenye waya za kubusti, anayeweza kupigiwa simu alfajiri bila kumwomba radhi. Wazazi wanaolea peke yao na wageni waliofika mwaka huu wawe wa kwanza kupewa namba yake. Mwenye waya na gari zima, mpelekee katibu wa jumuiya jina lako kabla ya mkutano wa Novemba.