Hoteli haina jirani

Mvua ya masika ikishuka Kiponda, mtaa wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kichochoro chetu hugeuka mto. Waliojenga baraza za mawe kandokando ya nyumba waliliona hilo: unaruka kutoka baraza hii hadi ile mpaka utokee barabarani. Siku hizi baraza moja imefungwa kamba, ya wageni wa hoteli tu. Ukifika hapo, shuka majini.

Tangu UNESCO iutie Mji Mkongwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, tunagombana juu ya kuta. Tuna haki. Ukuta wa mawe na chokaa ukiupaka saruji, unyevu hunasa ndani na boriti za mikoko zikaoza. Desemba 25, 2020 Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja likaua watu. Lakini mbona hatugombani juu ya wanaoishi ndani ya kuta hizo?

Baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba nyingi zilitaifishwa, wakapangishwa watu wa mashamba na Pemba, chumba kwa chumba. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Sipambi: jiko moja kwa familia kadhaa, na ugomvi wa maji kila alfajiri. Ila bibi wa ghorofa ya juu, asiyeziweza tena ngazi, alishusha kapu kwa kamba, muuza mkate akatia mikate, na mtoto yeyote aliyekuwepo akapeleka pesa. Siku alipofariki, jeneza lilipitishwa mkono kwa mkono kwenye ngazi zile nyembamba, na waliogombea maji ndio waliolibeba.

Hoteli haiziki mtu. Haipeleki sinia la futari mlango wa pili. Inaleta ajira, sikatai, mwanangu mwenyewe anafanya kazi mapokezi; na chokaa yake mara nyingi ni nzuri kuliko yetu, kwa sababu ina pesa. Hapo ndipo penye tatizo. Mpangaji hana uwezo wa kununua boriti, paa linavuja, anahamia ng'ambo ya mji, na nyumba inapata mwekezaji.

Kwa hiyo ombi langu kwa serikali ni moja: sehemu ya kodi inayokusanywa kwa watalii inunue chokaa na boriti za nyumba zinazokaliwa na wenyeji. Ianze na zile zinazovuja, kabla ya masika yajayo.